Foklifti inapiga "tak" moja tu haiwaki, betri nimebadili, sasa fundi anataka ninunue stata. Msaada wakuu, niko Arusha

Mlinda Godauni

Wakuu habari za majukumu. Niko Chuga hapa pande za Unga Limited, tuna godauni la nafaka na mbolea, na kuna foklifti moja ya dizeli tani mbili na nusu, mtumba wa Japani, betri moja ya 12V. Hii mashine ikilala siku moja tu vijana wanashusha semi nzima kwa mgongo, mifuko 600 ya mbolea kilo hamsini hamsini, yani inauma kuangalia.

Tatizo lilianza kama mwezi umepita. Asubuhi dereva anawasha switchi, taa za dashibodi zinawaka vizuri, akipiga stata inasikika TAK moja ya nguvu afu kimya. Taa zinafifia kabisa, akiachia funguo zinarudi. Anajaribu mara ya pili, ya tatu, ya tano, kuna siku ya sita inazunguka kivivu inawaka, kuna siku haiwaki kabisa tunaita gari tunabusti, na hata kwa kubusti muda mwingine inagoma. Kitu kinachonichanganya ni kwamba ikishapata moto inakuwa mbaya zaidi, mchana ikizimwa dakika kumi kuwasha ni shughuli, kwahiyo sasaivi dereva haizimi kabisa toka asubuhi mpaka jioni na dizeli inaisha bure.

Nimebadili betri, N70 mpya kabisa, siku mbili ikawa nafuu afu yaleyale. Fundi wa kwanza akasafisha teminali akaenda. Fundi wa pili kaja jana, kapiga stata mara mbili kasema stata imekufa nitafute laki nne na nusu. Hajafungua kitu, hajapima kitu. Hela ya ofisi sio yangu, nikinunua stata afu tatizo likabaki nitamwambia nini bosi?

Naombeni mnisaidie nianzie wapi. Mita ninayo ya kawaida ile ya umeme wa nyumba, kutumia najua kidogo.

Chalii wa Sakina

Arifu pole. Mimi gari yangu ilikuwa hivo hivo nikabadili stata ikapona. Usihangaike, nunua tu mtumba mzuri laki mbili unapata.

Waya Mwekundu

Mlinda Godauni usinunue kitu kwanza. Mimi ni fundi umeme wa mitambo niko Moshi, kazi hii naifanya mwaka wa 17 sasa, foklifti, matrekta, jenereta, na nikwambie stata nyingi sana nilizoletewa "zimekufa" nilizifunga mezani zikazunguka kama feni. Mwenye mali kashatoa hela, ya zamani katupa, na mashine bado haiwaki. Inaniuma kwasababu kinachotakiwa ni mita ya elfu ishirini na dakika kumi na tano.

Ngoja nikueleze vizuri, na wengine wanaopitia uzi huu wasome.

Sauti inaongea. Ukigeuza funguo ukapata KIMYA kabisa, hata tak hakuna, basi shida iko kwenye njia ndogo ya amri: fyuzi, switchi ya funguo, rilei ya stata, na kwa foklifti usisahau switchi ya nyutro pale kwenye leva ya mbele na nyuma, maana mashine hizi zimetengenezwa zisipige stata kama leva haiko nyutro. Ukipata TAKATAKATAKATAKA kama cherehani, mara nyingi betri haina nguvu au teminali zimelegea, solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena. Ukipata TAK MOJA kama wewe, maana yake amri imefika, solenoidi (ile kopo ndogo iliyolala mgongoni mwa stata) imevuta, lakini moto mkubwa, yani umeme mwingi wa betri, haufiki kwenye mota ya stata, au unafika umechoka. Na huo moto mkubwa una njia ya kwenda na njia ya kurudi. Watu wote wanaangalia ya kwenda, kebo nyekundu. Ya kurudi, ethi, hakuna anayeigusa.

Wewe umeandika kitu kimoja mimi nimekishika: taa zinafifia, na betri ni mpya. Fikiria. Kama betri iko vizuri na kilichokufa ni shaba za ndani ya solenoidi peke yake, moto mkubwa usingetembea kabisa na taa zisingefifia hivo. Zako zinafifia, ina maana kuna moto unatembea na kuna sehemu unakwama, na hiyo sehemu taa na stata zinaitumia pamoja. Taa zako zinarudisha moto kupitia chesisi. Mimi hela yangu naweka kwenye kebo ya ethi kutoka betri kwenda chesisi, lakini pima, usiniamini mimi.

Kabla hujaanza: foki chini kabisa zigusane na sakafu, handibreki juu, leva nyutro, weka kigogo nyuma na mbele ya tairi. Hamna mtu kusimama mbele wala nyuma. Toa waya wa solenoidi ya kuzimia kwenye pampu ya dizeli ili injini isiwake wakati unapima, izunguke tu. Afu mita weka DC volti 20.

Kwanza pima betri ikiwa imelala, mita iguse kichwa chenyewe cha betri, ile risasi ya katikati, SIO klampu. Betri iliyojaa inasoma 12.6 hivi. 12.4 imeshashuka robo. 12.0 iko karibu tupu, ichaji kwanza usiendelee. Afu mtu apige stata wewe unaangalia hapohapo, isishuke chini ya 9.6.

Pili, waya mwekundu wa mita kwenye kichwa chanya cha betri, mweusi kwenye nati kubwa ya stata inakoingia kebo nene. Mita itasoma sifuri, usishangae. Mtu apige stata sekunde tatu. Hapo mita inakuonyesha volti zinazopotea njiani. Zisizidi nusu volti.

Tatu, na hii ndo ninayotaka majibu yake: mweusi wa mita kwenye kichwa hasi cha betri, mwekundu kwenye bati la injini sehemu safi, kwangua kidogo. Piga stata. Isizidi 0.3. Ikizidi, hamisha mwekundu uguse chesisi badala ya injini, piga tena, utajua kama upotevu uko kati ya betri na chesisi au chesisi na injini.

Mwisho, siku ikikubali kuwaka, pima betri injini ikiwa inaunguruma. Niandikie namba zote. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo, iache ipoe.

Dereva wa Foki

Nakazia kuhusu usalama. Mimi ni mwendeshaji, cheti nimepata VETA, miaka tisa kazini. Mlinda Godauni kaka yangu naomba uniahidi kitu kimoja, asije mtu hapo akaweka bisibisi kwenye stata kuwasha moja kwa moja akiwa amesimama chini. Najua mafundi wanafanya kila siku na inaonekana ni ujanja.

Sehemu niliyokuwa nafanya kazi zamani mwenzangu aliwasha hivo. Mashine ilikuwa imeachwa kwenye gia ya mbele, na switchi ya nyutro ilikuwa imeshaungwa waya na fundi aliyetangulia, kwahiyo hapakuwa na kitu cha kuzuia. Iliwaka ikaruka mbele. Kibarua mmoja alikuwa anapanga mifuko ya simenti, mguu wake ukabanwa kati ya paleti na ukuta. Nilikuwa hatua tano pale. Ile sauti yake mpaka leo nikisikia foklifti inapigwa stata na mtu wa chini, moyo unaruka. Alipona lakini kutembea kwake sio kule.

Kwahiyo pima, ila kaa kwenye kiti, au mtu wako akae kwenye kiti, miguu kwenye breki.

Mlinda Godauni

Dereva wa Foki nimekusoma kaka, nimewasomea na vijana hapa. Hakuna bisibisi, nimewaambia.

Fundi Waya Mwekundu nashukuru sana mangi, kesho asubuhi napima kabla semi haijaja.

Mdau wa Njiro

Samahani nachomekea, sisi tuna ya umeme ile ya betri kubwa, 48V, inakataa kutembea ukiwasha. Hizi hatua zinatufaa?

Waya Mwekundu

Mdau wa Njiro hapana, yako haina stata kabisa, usiichanganye na hii. Ya umeme ina kontakta na kontrola, na betri yake ni seli 24 za volti mbili mbili, na uzito wa betri ndo sehemu ya uzani wa nyuma unaoizuia isibinuke. Anza na ukaguzi wa plagi kubwa ya betri kama imekaa na haijaungua, kiti, breki ya mkono, kitufe chekundu cha dharura kama hakijabonyezwa, na sikiliza kama kontakta inapiga tak ukiwasha. Zaidi ya hapo usifungue kontrola, ndani kuna kapasita zinabaki na moto hata ukichomoa betri. Fungua uzi wake nitakuja.

Mlinda Godauni

MREJESHO WA KWANZA.

Wakuu nimepima, dereva kakaa kwenye kiti mimi nashika mita, kijana mwingine anaandika kwenye karatasi ya boksi.

Betri imelala: 12.6
Betri wakati wa stata (tak, haikuzunguka): 11.6
Chanya ya betri mpaka nati ya stata: 0.3
Hasi ya betri mpaka injini: 3.9 !!!
Hasi ya betri mpaka chesisi: 3.7

Nikarudia mara tatu maana sikuamini. Hio 3.9 haitoki. Kwa hesabu yangu ya darasa la saba, 11.6 toa 0.3 toa 3.9, stata inapata kama volti 7 na kitu, sio?

Kwa bahati iliwaka jaribio la nane, nikapima betri injini ikiwaka, 13.2.

Kingine, baada ya kupiga stata zile mara nyingi niliweka mkono kwenye bolti ya ethi pale kwenye chesisi, ni ya moto, yani huwezi kushikilia. Bolti ya upande wa chanya baridi kabisa.

Waya Mwekundu

Hesabu yako iko sawa kabisa na mkono wako umefanya kazi ya fundi. Panapopotea volti pana joto, hakuna namna nyingine, ule moto haupotei hewani, unageuka kuwa joto hapohapo kwenye kiungo kibovu. Ndo maana pia ikipata moto inakuwa mbaya, shaba na kutu vikichemka vinazidi kuzuia.

Na hio 13.2 usiipite. Altaneta imefungwa kwenye injini, inarudisha chaji betri kupitia ethi hiyohiyo. Yani ugonjwa uleule unaonyima stata moto ndo unaonyima betri chakula. Nina uhakika betri yako ya zamani ilikuwa inaishi njaa, na hii mpya ingeifuata. Ulipobadili ikawa nafuu siku mbili sababu ilitoka dukani imejaa.

Sasa fungua ile kebo ya ethi, yote, pande mbili. Hasi ya betri inatolewa KWANZA na inarudishwa MWISHO, pete na saa ya mkononi vua. Upande wa chesisi kwangua rangi mpaka uone bati linang'aa, mviringo mkubwa kuliko kichwa cha kebo. Angalia kebo yenyewe, ibinye kidole kwa kidole karibu na vichwa vyake. Ikilia kwacha kama kuna mchanga ndani, imeoza. Usiiokoe, weka mpya, milimita 35 za mraba isipungue, vichwa vibanwe na mashine ya kubana sio nyundo.

Afu ongeza kebo nyingine kutoka hasi ya betri moja kwa moja mpaka bolti ya stata kwenye injini. Mimi nazifanyia hivo karibu zote za zamani. Chesisi ya foklifti ni chuma kinene lakini viungo vyake vinakula kutu.

Mama Spea

Mwanangu Mlinda Godauni, mimi nauza spea za umeme wa magari hapa mjini, miaka mingi. Ukienda kununua kebo angalia ndani, kuna ambazo zinang'aa nje ni nene kwasababu ya plastiki, ukikata nyuzi ni chache au sio shaba, ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukitoa weupe ndani iache. Na usinunue kwa urefu wa kukisia, pima kwa kamba kabisa, kebo ikiwa fupi ikavutika inakatika kwenye kichwa.

Mlinda Godauni

Shikamoo mama. Nimekuelewa, nitapima na kamba.

MREJESHO WA PILI.

Leo Jumamosi baada ya kazi tumefungua. Wakuu sijui nielezeje. Kebo kwa nje ni nzima, nyeusi, haina mkwaruzo. Nimeibinya karibu na kichwa cha upande wa chesisi ikasema kwacha, kama fundi alivosema, kama una mchanga mkononi. Nikachana plastiki na kisu kuanzia pale, unga wa kijani ukamwagika kwenye sakafu, nyuzi za shaba nyingine zimekuwa nyeusi zinavunjika kama kuni kavu. Nimehesabu nyuzi nzima zilizobaki pale kwenye kichwa, kama robo ya zote. Moto wote wa stata ulikuwa unapita kwenye hio robo. Afu chini ya kichwa cha kebo kuna rangi ya njano! Mtu alipaka mashine rangi zamani akafunga kebo juu ya rangi. Tunabeba mbolea hapa, vumbi lake likipata unyevu linakula chuma na shaba vibaya sana, nadhani ndo chanzo.

Tumeweka kebo mpya mbili, ya chesisi na ya moja kwa moja mpaka injini. Majibu: hasi mpaka injini 0.15. Betri injini ikiwaka 14.2. Inazunguka kama mashine mpya, nilitamani kulia. Laki nne na nusu imebaki ofisini, kebo na vichwa vyake imekula elfu sitini na kidogo.

Lakini haijaisha. Katika kuwasha mara kumi, mara moja au mbili bado inapiga tak moja haizunguki, ukirudia inawaka. Na safari hii taa HAZIFIFII. Nimepima betri wakati huo, inabaki 12.5, haishuki. Na ethi ni sifuri.

Chalii wa Sakina

Arifu nimekubali, nilikurupuka. Ila sasa hio si stata jamani?

Waya Mwekundu

Chalii wa Sakina sasa ndo stata, na uone tofauti: tumefika kwenye stata kwa namba. Taa hazififii, betri haishuki, maana yake solenoidi inavuta lakini moto mkubwa hautembei kabisa. Mlinda Godauni pima hivi ili tufunge: mweusi wa mita kwenye bati la stata. Mwekundu kwenye nati kubwa inakoingia kebo ya betri, utaona 12 na kitu. Sasa hamisha kwenye nati ya pili, ile yenye msuko wa shaba unaoingia kwenye mwili wa mota. Dereva apige stata mpaka ile tak moja itokee. Ikisoma sifuri wakati solenoidi imevuta, shaba mbili za ndani ya solenoidi zimeungua.

Pima na ule waya mwembamba wa amri pia, wakati funguo imegeuzwa usome angalau 9 au 10. Ukisoma 7 au 8 basi switchi ya funguo au rilei imechoka, na hapo hata shaba mpya zitakusumbua maana solenoidi itavuta bila nguvu.

Kwa stata nyingi za Kijapani shaba hizi zinauzwa peke yake, mbili na pistoni yake yenye sahani. Hukununua stata, usinunue na solenoidi. Unafungua bolti tatu za kifuniko cha nyuma, unatoa pistoni, unaona shaba zina mashimo kama meno mabovu, moja imelika zaidi ya nyingine. Sababu ya kulika ndo ileile ethi, kila ukipiga stata kwa volti 7 shaba zinagusana bila nguvu zinacheche, miaka na miaka.

Nakuomba angalia na kaboni (brashi za mota) ukiwa umefungua, na ile gia ndogo isogee na kurudi bila kukwama, usiipake grisi nyingi, vumbi litaganda.

Mdau wa Pasua

Fundi Waya Mwekundu shikamoo, na mimi niko Moshi. Gari yangu inazunguka vizuri sana ila haiwaki, asubuhi tu, dizeli pia. Mchana iko fresh. Juzi nilipeleka mzigo Arusha ikalala huko usiku mmoja, asubuhi ndo haikutaka kabisa.

Waya Mwekundu

Marahaba. Yako sio stata, yako ni plagi za hita, zile zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka. Arusha iko juu, miezi hii ya sita na ya saba asubuhi kule baridi ni kali, hewa ikibanwa ndani ya injini haipati joto la kutosha kuwasha dizeli. Huku kwetu joto linaficha ubovu. Toa bamba linalounganisha plagi, pima kila moja na mita kwenye omu, nzima inasoma kama omu moja au pungufu, iliyokufa haisomi kitu. Zikiwa nzima pima kama moto unafika kwenye bamba ukiwasha switchi, kama haufiki ni rilei au fyuzi yake. Na weka mkono kwenye solenoidi ya pampu, mtu awashe switchi, usikie inagonga. Usipulizie eta (dawa ya kopo ya kuwashia injini) kwenye njia ya hewa ya injini kama plagi za hita zinafanya kazi, inaweza kulipuka mle ndani ukaharibu injini.

Mlinda Godauni

MREJESHO WA TATU.

Nati ya kwanza 12.4, nati ya pili SIFURI wakati wa tak. Amri 11.1. Kwahiyo ni shaba. Mama Spea alinielekeza kwa mtu, nimebeba zile za zamani mkononi nikalinganisha, maana zipo zinafanana lakini moja mguu wake mfupi. Shaba mbili na pistoni elfu thelathini na tano. Nilichokiona ndani ni kama alivosema fundi, shaba ya upande wa betri imelika mpaka imebaki wembe.

Sasa kuna jambo lingine nataka niliseme, na Dereva wa Foki hili ni lako. Wakati tunafuatilia waya mwembamba wa amri kutoka kwenye funguo tumefika chini ya leva ya gia, tukakuta mzungusho wa tepu nyeusi. Nimeifungua. Waya mbili za switchi ya nyutro zimekatwa zimesokotwa pamoja. Mashine yetu imekuwa inapiga stata kwenye gia yoyote, sijui toka lini, labda toka tumeinunua. Nikamwambia dereva akae, breki mpaka chini, leva mbele, aguse funguo. Ikapiga. Ikaruka kidogo. Mbele yake kila siku saa mbili asubuhi wanasimama vijana sita wanasubiri paleti ya kwanza.

Nimekaa pale kwenye mifuko kama dakika kumi sijaongea na mtu.

Dereva wa Foki

Asante kwa kuifungua hio tepu kaka. Asante sana. Usiirudishe hata kama bosi anasema mzigo umesimama. Wakaguzi wa usalama kazini wa OSHA wakija kukagua mitambo ya kunyanyulia hicho ni kitu kimoja wanachopaswa kukuta kinafanya kazi, lakini hata wasipokuja.

Mama Spea

Hio switchi ipo mwanangu na sio ghali. Njoo na ya zamani, niangalie plagi yake na uzi wake wa kufungia, na tuipime na mita hapohapo dukani: ikibonyezwa ipitishe, ikiachiwa ikate, au kinyume chake kutegemea na yako. Fundi anaikata kwasababu ikichoka mashine inakuwa kimya kabisa na wengi hawajui ipo.

Waya Mwekundu

Mama kasema vizuri. Ukiifunga, jaribu leva mbele, kimya. Leva nyuma, kimya. Nyutro, inazunguka. Cheza leva kidogo ukiwa nyutro uone kama inakatakata, ikikata rekebisha nati ya kushikilia, maana ikiwa inasumbua kuna mtu atakuja kuikata tena. Na msichanganye na switchi ya kiti, kwenye mashine nyingi mpya kiti kinazuia mwendo na foki, sio stata, kwahiyo mtu akikwambia "haiwaki sababu ya kiti" muulize kapima wapi.

Mlinda Godauni

MREJESHO WA MWISHO.

Jumatano. Switchi ya nyutro mpya imefungwa, elfu arobaini. Mbele kimya, nyuma kimya, nyutro inazunguka. Tumejaribu mara ishirini kwa kuhesabu, asubuhi na mchana ikiwa na moto, mara ishirini zote imewaka kwa mguso mmoja. Hasi mpaka injini bado 0.15. Chaji 14.2. Dereva sasa anaizima kati ya semi na semi.

Tumeosha sehemu ya betri kwa maji na magadi, tumepaka grisi kidogo kwenye vichwa vya kebo baada ya kukaza. Nimeandika zile namba kwa peni nyeupe kwenye kifuniko cha betri na tarehe, nitapima tena kila mwisho wa mwezi.

Kile kipande cha kebo kilichochanika nimekitundika ukutani pale penye funguo. Fundi wa laki nne na nusu alipita jana akakiangalia, akaniuliza nimepimaje, nikampa mita nikamwonyesha, kapima mara mbili mwenyewe kwa mkono wake.

Waya Mwekundu ukipita Arusha nitafute, chakula cha mchana kipo. Mdau wa Pasua plagi zako zilisomaje?

Mdau wa Pasua

Tatu hazisomi kitu, moja nzima. Naenda kununua nne.